Veronicah Kavindu na Kuku wa Lurambi

Wasifu huu unasomwa na Ndanu, mdogo wa marehemu, leo Ijumaa tarehe 13 Machi 2026, hapa kanisani Loresho, Nairobi. Kesho mwili utazikwa Lurambi, Kaunti ya Kakamega, nyumbani kwa wakwe zake, na huko utasomwa wasifu mwingine, mfupi. Huu mrefu umeletwa hapa kwa sababu wanaopaswa kuusikia ni watu wa hapa. Familia inawaomba mvumilie hadi mwisho, maana mwanzo wake ni mtamu kuliko mwisho wake.

Marehemu Veronicah Kavindu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 Kathiani, Machakos, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mulwa Nzau na marehemu mama Mwelu. Mama alikuwa mfumaji wa viondo na mfugaji wa kuku. Kila kiangazi ugonjwa wa kideri ulipoingia kijijini, watu walifanya walivyofanya siku zote: kuku aliyeanza kusinzia alichinjwa haraka kabla hajajifia, na wale wazima wakabebwa kupelekwa kwa shangazi ng'ambo ya kilima ili wanusurike. Haukupita muda kabla ya wa shangazi nao kuanza kufa. Kavindu akiwa bado wa shule ya msingi aliuliza mezani, "Huu ugonjwa unajuaje njia ya kwenda kwa shangazi?" Baba alicheka hadi akapaliwa. Nadhani alichagua kazi yake siku hiyo, ingawa mwenyewe alizoea kusema aliichagua kwa sababu nafasi za unesi zilikuwa zimejaa.

Alisoma Kathiani, shule ya msingi na ya upili, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Alikuwa mkali wa hesabu na mvivu wa jembe. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha afya ya mifugo, Kabete, akiwa na sanduku la mbao na viatu vya kaka yetu Mwololo. Wasichana darasani mwao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wavulana waliwaambia ng'ombe wa Kabete hawapendi sketi. Alipohitimu aliwapita wote katika somo la maabara, na tangu hapo hakusahau kuwakumbusha kila walipokutana.

Aliajiriwa na serikali mwaka 1985 katika maabara ya mifugo, akahudumu hadi alipostaafu Juni 2022. Hakuwa daktari kwa vyeti, ila mtaa mzima ulimwita Daktari na yeye hakuwahi kuukosoa. Kazi yake kubwa ilikuwa ndege. Alizunguka maziwa ya Bonde la Ufa akiwapangusa mabata wa porini kooni na mkiani kwa pamba, akitafuta virusi vya mafua. Siku moja Naivasha alizama matopeni hadi kiunoni, akavutwa kwa kamba na wavuvi waliodhani anaiba samaki. Alirudi nyumbani ananuka hata mbwa akamkwepa, lakini chupa za sampuli zilikuwa kavu kifuani mwake.

Alijua kufundisha. Alisema bata mwitu hubeba kirusi tumboni bila hata kupiga chafya. Hunya majini. Bata wa nyumbani huja kunywa maji yale yale, naye haugui sana. Kuku wa jirani hudonoa penye kinyesi cha bata, na kuku hana bahati hiyo, hufa. Kuku aliyekufa hutupiwa nguruwe au paka. Kila kinapohama, kirusi hujinakili, na hujinakili vibaya. "Hakina akili," alizoea kusema. "Kinakosea tu, kinakosea tu, hadi siku moja kosa moja linakifungulia mlango ambao hakijawahi kuingia." Na mlango huo ukiwa ni pua ya binadamu, basi.

Akina mama wa kanisa hili wanakumbuka mfano wake wa kiondo. Alisema kirusi cha mafua kina maagizo yake katika vipande vinane. Chukueni wafumaji wawili, kila mmoja na nyuzi zake nane, mmoja katoka kwa ndege na mwingine katoka kwa watu. Wakikutana ndani ya nguruwe mmoja, nyuzi huchanganyika, na kiondo kitakachotoka si cha huyu wala cha yule, na hakuna mwili uliowahi kukiona. Mama mmoja akauliza, "Sasa Daktari, hao wanawake wameingia ndani ya nguruwe kufanya nini?" Watu waliangua kicheko hadi ibada ikachelewa.

Nyumbani kwake hapa Loresho aliweka beseni la dawa langoni, na kila aliyetoka kwenye mifugo ya mtu mwingine alikanyaga humo kabla ya kuingia. Hata mchungaji alikanyaga, na viatu vyake vya ngozi vikabadilika rangi. Hakuombwa radhi.

Marehemu alifunga ndoa na Bramwel Mulama, fundi wa mitambo, tarehe 16 Desemba 1989. Wakajaliwa Maurine na Norman. Ndoa ya Mkamba na Mluhya ilikuwa na mambo yake. Mara ya kwanza Bramwel alipompeleka Lurambi, mama mkwe, marehemu mama Phoebe, alichinja jogoo. Kavindu, kwa njaa ya safari na kwa kutojua, akajipakulia firigisi akaila. Kwa desturi za huko firigisi ni ya mwenye nyumba, na mke mtarajiwa anayeigusa huwa amejitafutia maneno ya kutosha maisha. Mama Phoebe alimtazama, akamtazama mumewe, kisha akacheka. "Amekula. Basi ni wa hapa. Nani ana swali?" Dada yangu hakuusahau wema huo hata siku moja. Hapo ndipo wasifu huu unapogeukia upande ambao sisi wa familia tunauonea haya.

Agosti 2018 kuku walianza kufa kwa wingi sehemu za magharibi. Maabara ilithibitisha ni homa ya ndege. Ni marehemu mwenyewe aliyeandika tangazo lililosomwa redioni: mtu yeyote asisafirishe kuku, bata wala kanga kutoka huko kuja Nairobi, awe hai au amechinjwa. Wiki iliyofuata alienda huko huko, Lurambi, kumjulia hali mama Phoebe, aliyekuwa mgonjwa wa moyo. Kuku wa boma hilo walikunywa maji kwenye bwawa la ng'ombe, na kwenye bwawa hilo mabata mwitu walitua kila jioni. Alilitazama bwawa lile. Alijua analoliona.

Wakati wa kuondoka, mama Phoebe aliinuka kitandani kwa shida, akaagiza kuku jike mwekundu akamatwe, akamfunga miguu kwa kamba ya mkonge kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, mwaka huu hapana," Kavindu alimwambia. "Kuna ugonjwa. Serikali imekataza."

"Serikali ndiyo ilikupa mume?" mama Phoebe alimuuliza. "Utatoka kwangu mikono mitupu kama mtu amefukuzwa? Wacha watu waseme nilikufa nikiwa na choyo?"

Tumeulizwa katika kamati ya mazishi kwa nini hakumwacha kuku njiani, au kumchinja na kumzika Kakamega. Tuliolelewa na desturi hizi tunajua. Kuku wa mama mkwe hatupwi. Ukimtupa, umemtupa mama. Kavindu aliyemzuia mchungaji langoni alimtia kuku wa Lurambi kwenye kikapu, akamfunika kwa leso, akapanda naye gari la usiku hadi Nairobi. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu kamba alifunguliwa siku ile ile alipofika, akaachiwa bandani pamoja na bata wa nyumbani.

Siku chache baadaye kuku yule alikufa. Marehemu alimzika nyuma ya migomba. Mtu ambaye alikuwa amepangusa makoo ya maelfu ya ndege hakumpangusa huyo mmoja, kwa sababu chupa ya sampuli huulizwa imetoka wapi. Alijiambia ni kideri. Bata wake hawakuonyesha dalili, naye akajiliwaza kwa hilo, ingawa ni yeye aliyetufundisha kwamba bata hubeba bila kuugua.

Ng'ambo ya ua wa miti ya kayaba aliishi Tobias Makokha na mkewe Nanjala, watu wa Webuye, kule kule magharibi. Walikodi kipande cha shamba chini kule mtoni, wakafuga kuku wa mayai na nguruwe. Wengi wenu mlio hapa mlinunua mayai kwao. Mfereji uliotoka bandani kwa marehemu ulipita kwao, na kuku wao walikunywa humo. Asubuhi moja Tobias alimwita juu ya ua.

"Daktari! Hebu kuja uone hii maneno. Kuku zangu zimevimba kichwa, na hii ngozi ya juu imekuwa blue. Na nguruwe mbili zinakohoa kama watu."

Alienda. Aliona mara moja. Nanjala alikuwa amewapa nguruwe kuku waliokufa, kama wafugaji wengi wafanyavyo ili kisipotee chochote, na macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Hapo marehemu alifanya la haki, nalo tuliseme: alipiga simu ofisini saa ile ile. Watu wa mavazi meupe wakaja, wakaua kuku wote na nguruwe wote, wakawafukia kwa chokaa. Bata wa marehemu nao walipimwa, wakakutwa na kirusi, wakauawa. Nanjala alilazwa kwa nimonia na kutengwa. Alipona, lakini hadi leo hapandi ngazi bila kupumzika katikati.

Kisha wachunguzi wakauliza swali la kawaida. Kuna aliyeingiza ndege kutoka nje? Tobias alisema hapana. Marehemu akasema hapana.

Maabara ilionyesha kirusi kile ni ndugu wa kile cha magharibi. Tobias alikuwa ametoka Webuye mwezi uliotangulia kumzika mjomba wake, na alirudi na unga wa mahindi tu. Hakuna aliyemwamini. Mtaa mzima ulijumlisha moja na moja, na Daktari alikuwa mwenzao, mwenye maarifa na beseni la dawa langoni. Tobias alikuwa mpangaji tu. Watoto walianza kumwita Baba Virusi. Kisha wakubwa wakaanza.

Kuna Jumapili ya Oktoba mwaka huo ambayo wengi mtaikumbuka. Mchungaji alimwomba marehemu afundishe kanisa hili jinsi magonjwa yanavyotoka kwa ndege kuja kwa watu. Alifundisha vizuri mno, na mfano wa kiondo ukapigiwa makofi. Tobias alikuwa ameketi benchi la nyuma. Nanjala hakuwepo, alikuwa bado hana nguvu. Mzee Zachariah, Mungu amlaze pema, alisimama akauliza mbele ya wote:

"Daktari, sema tu ukweli. Si ni huyu Tobias alituletea hii kitu kutoka kwao?"

Marehemu alikuwa na nafasi. Alituambia baadaye kwamba neno lilifika ulimini, akaona nyuso zenu, akaona tangazo lake la redioni, akaona mkono wa mama Phoebe ukifunga kamba. Akatabasamu, akajibu, "Mzee, virusi havina mwenyewe. Tuombeane tu."

Watu walicheka, kwa sababu jibu hilo lilisikika kama huruma ya mtu anayejua na hataki kumwaibisha mwenzake. Vichwa vikageuka kutazama benchi la nyuma. Tobias aliinuka akatoka taratibu, na hakurudi tena kanisani humu. Kabla ya mwaka kwisha walihama Loresho.

Mganga hajigangi, lakini mara nyingi mganga huyo huumiza nafsi yake peke yake. Huyu wetu alimvika mwenzake ugonjwa wake. Na sifa ziliendelea kumjia. Corona ilipoingia, ninyi nyote mlimpigia simu yeye. Kila mliposema, "Tuna bahati kuwa na wewe, Daktari," alikosa usingizi. Alimwambia Bramwel. Bramwel akamjibu, "Mama Maurine, wacha hiyo story ilale. Mama yangu anaumwa, unataka asikie kuku yake iliumiza watu?" Basi akawa na sababu ya kunyamaza. Mama Phoebe akafariki mwaka 2021, sababu ikazikwa naye, na bado dada yangu akanyamaza. Alituambia hapo ndipo alipojijua.

Mwaka 2023 alikutana na Tobias pale Adams Arcade. Siku hizi Tobias hutengeneza viti kando ya Ngong Road, na mikono yake ilikuwa imejaa vanishi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Daktari! Sasa? Umepotea sana."

"Niko, Tobias. Nanjala anaendeleaje?"

"Ako poa. Hiyo kifua tu, lakini tunashukuru."

Dada yangu alishukuru pia, akaaga, akavuka barabara akitembea haraka kama mwizi. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Agosti 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Januari mwaka huu, alipoambiwa na madaktari kwamba hakuna la kufanya zaidi, alimtuma Maurine awaite Tobias na Nanjala nyumbani. Walikuja na maziwa na mkate, kama watu wanavyomjulia hali mgonjwa. Aliwaeleza yote, kuanzia bwawa hadi migomba. Nanjala alilia kwa sauti ndogo. Tobias aliweka kikombe chini.

"Sasa, Daktari, mimi unaniambia ili nifanye nini?" alisema. "Mimi nilikuwa najua si mimi. Hiyo sikuhitaji kuambiwa. Ambia hao."

Hakusema kwa ukali. Alimsaidia Nanjala kuinuka, wakaondoka.

Marehemu aliamua kusema hapa kanisani Jumapili ya tarehe 8 Februari. Alivaa, tukamleta kwa gari. Tulipofika langoni, akina mama walimkimbilia wakimwimbia, wakimwambia Daktari ni mzima, Daktari amerudi. Alimshika mkono Norman, akasema, "Nirudishe nyumbani." Tulidhani ni maumivu. Njiani akasema, "Si maumivu. Ni aibu. Nimeshindwa tena." Ni mara ya pekee niliyomwona dada yangu akilia.

Siku zilizofuata alinifundisha kuandika na kusoma wasifu huu kama alivyokuwa akitufundisha masomo utotoni, akinikatiza kila nilipolainisha neno. Nilipoandika "ilitokea bahati mbaya," alisema, "Toa hiyo. Bahati haikubeba kikapu." Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 3 Machi 2026, alfajiri, Bramwel akiwa amemshika mkono.

Katika kamati ilipendekezwa wasifu uishie kwenye kazi, ndoa na ugonjwa. Hatuwezi kusema hatukushawishika. Bramwel aliuliza kama tunataka jina la mama yake liburutwe. Hatutaki, na tunalisema wazi: mama Phoebe alitoa alichokuwa nacho kwa upendo, na hakujua. Aliyejua ni aliyepokea. Norman alisema mama anaweza kuzikwa na heshima yake. Maurine akamjibu kwamba sehemu ya heshima hiyo ni ya mtu mwingine, na sisi ndio tumeishika. Hatimaye Bramwel akasema, "Soma." Ameketi hapo mbele, na anasikia.

Basi sikieni nanyi. Homa ya ndege iliyoingia Loresho mwaka 2018 haikuletwa na Tobias Makokha. Ililetwa na Veronicah Kavindu, aliyejua anachobeba, na aliyemwacha jirani yake alaumiwe. Familia inaona haya, na haiwaombi muwe wapole kwetu.

Marehemu ameacha mume, Bramwel Mulama. Watoto, Maurine na Norman. Mjukuu mmoja, Ivyne. Na ndugu zake, Mwololo na Ndanu. Tobias na Nanjala walialikwa leo, hawakuja. Tobias alimjibu Maurine kwa simu: "Niko kazi. Na hapo kanisani najua bado naitwa nani."

Yuko kando ya Ngong Road, karibu na Adams Arcade, kila siku isipokuwa Jumapili. Msimpelekee maua, wala dada yangu msimletee maua. Nendeni mumsalimie kwa jina lake.

Veronicah Kavindu apumzike kwa amani, Tobias Makokha akishapata yake.